Maswali Yenu: Barua za wanafalaki wa enzi za Malkia Victoria

Ndugu Mhariri, nimetumiwa picha ya barua ya Kiingereza ya mwaka 1838. Mistari imepishana kama wavu wa kuvulia dagaa. Ni makosa, au ni namna ya kuficha siri? Na inasomwaje?

Hakuna siri hapo, ni ubahili tu. Mwandishi alijaza ukurasa, akauzungusha robo, akaandika tena kukatisha mistari ya kwanza. Kabla ya 1840 posta ya Uingereza ilitoza kwa idadi ya karatasi na umbali, na mara nyingi aliyelipa ni mpokeaji. Bahasha nayo ilihesabiwa kuwa karatasi, ndiyo maana barua ilikunjwa yenyewe, ikaandikwa anwani mgongoni na kufungwa kwa lakiri. Januari 10, 1840 bei ikawa peni 1 kwa barua isiyozidi nusu aunsi (gramu 14 hivi) popote ndani ya nchi. Za ng'ambo zilibaki ghali, kwa hiyo mtindo huu haukufa siku hiyo.

Kuisoma, chapisha nakala mbili za picha na uzungushe moja. Chukua kadi nene, kata mwanya wa upana wa mstari mmoja, uuteremshe mstari kwa mstari. Wengi hupotea kwa sababu wakimaliza ukurasa wa kwanza wanauzungusha papo hapo na kuendelea. Kwa kawaida mwandishi alimaliza kurasa zote kwanza, karatasi ilipokwisha ndipo akarudi ukurasa wa kwanza kukatisha. Nawe fuata njia hiyohiyo. Na ukikuta tundu pembeni lililokula maneno mawili matatu, usilaumu panya: mara nyingi ni lakiri iliyong'oka na karatasi yake barua ilipofunguliwa.

Barua ikishatumwa imeondoka. Inakuwaje basi tunazikuta barua za mtu kwenye makaratasi yake mwenyewe?

Wengine walitunza rasimu. Wengine walitumia mashine ya kunakili, ambayo James Watt aliipatia hataza mwaka 1780. Unaandika kwa wino mzito uliotiwa sukari kidogo ili usikauke upesi. Siku hiyohiyo unalowesha karatasi nyembamba sana, unaikausha juu juu, unailaza juu ya barua na kubana yote kwa skrubu. Sehemu ya wino inahamia kwenye karatasi nyembamba. Maandishi hutokea kinyume, lakini karatasi inapenya mwanga, hivyo unayasoma kwa upande wa pili. Maji yakizidi, wino unatapakaa. Yakipungua, nakala inapauka. Barua iliyolala siku mbili kabla ya kunakiliwa haitoi kitu.

Ni kweli Waingereza waliikosa sayari ya Neptuni kwa sababu bwana mkubwa alikuwa mezani anakula?

Chakula kinasingiziwa. Sayari ya Uranusi ilikuwa haipiti pale hesabu zilipoonyesha, na mwanahisabati Mwingereza John Couch Adams alikuwa amekokotoa mahali ilipo sayari isiyojulikana inayoivuta. Oktoba 21, 1845 alifika nyumbani kwa George Airy, mkuu wa kituo cha kutazama nyota cha Greenwich, bila ahadi. Mara ya kwanza Airy hakuwepo. Mara ya pili alikuwa mezani, kwani nyumba ile ilikula mlo mkuu saa tisa na nusu alasiri. Adams akaacha karatasi yenye matokeo ya hesabu zake, bila kuonyesha njia aliyoyapatia. Novemba 5 Airy alimwandikia akiuliza: je, nadharia hiyo inaeleza pia kosa la umbali wa Uranusi kutoka kwenye Jua? Adams hakujibu. Hapo ndipo kamba ilipokatikia, si mezani. Juni 1846 Airy alimwuliza Mfaransa Le Verrier, aliyekuwa akiitafuta sayari hiyohiyo kwa hesabu, swali hilohilo, naye akajibu bila kukawia.

Tunaweza kuzitaja tarehe hizi kwa sababu Airy hakutupa karatasi: alizitoboa, akazifunga kwa uzi, akazipanga kwa mada.

Septemba 18, 1846 Le Verrier alimwandikia mwanafalaki Johann Galle wa Berlin, akimtajia mahali pa kuitafuta sayari hiyo. Barua ilifika tarehe 23, na usiku huohuo Galle akaelekeza darubini. Alitaja nyota moja moja aliyoiona, na kijana Heinrich d'Arrest akaitafuta kwenye ramani mpya ya nyota. Walipofikia moja isiyokuwa kwenye ramani, kazi ikawa imekwisha: ilikuwa chini ya digrii 1 kutoka mahali palipotajwa.

Waingereza hawakutoka mikono mitupu. Oktoba 1 mwanafalaki John Herschel alimwandikia William Lassell wa Liverpool, mtengeneza bia aliyejijengea darubini yenye kioo cha inchi 24, akimhimiza atafute miezi ya sayari hiyo mpya haraka iwezekanavyo. Kutoka kusini ya Uingereza hadi Liverpool barua haikuchelewa, na peni 1 ilitosha. Oktoba 10 Lassell aliuona mwezi ambao leo tunauita Tritoni.