Pepopunda inakaza, botulizimu inalegeza, kisa protini zilezile
Umeuliza inakuwaje sumu mbili, ya pepopunda na ya botulizimu (ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli), zinazokata protini za familia moja, SNARE, zilete matokeo tofauti kabisa. Kifupi ni neva gani zinafanyia kazi, mkasi ni uleule.

SNARE ni protini za kwenye utando wa seli, moja inakaa kwenye kifuko kilichobeba mzigo, zingine kwenye utando unaopokea, zikikutana zinajisokota kama kamba ya nyuzi nne, zinavutana mpaka tando mbili zinaungana na mzigo unamwagika nje. Kwenye neva mzigo wenyewe ndo zile kemikali za kupeleka ujumbe. Sasa sumu ya pepopunda inakata sinaptobrevini, ile ya kwenye kifuko, na botulinamu, yaani sumu ya botulizimu, aina B nayo inakata hiyohiyo tena sehemu ileile! Ila botulinamu inabaki kule neva inapogusa msuli, amri ya kukaza haitoki, msuli unalegea. Ya pepopunda inapanda na neva hadi uti wa mgongo, inaingia kwenye seli zinazofanya kazi ya breki, inazinyamazisha, misuli inakosa wa kuizuia na taya linajifunga.

Botulinamu aina A yenyewe inakata SNAP-25, SNARE nyingine, ndo hiyo watu wanachomwa usoni kuondoa mikunjo, makubwa haya. Na kongosho nalo linatumia SNARE kumwaga insulini. Wanasayansi Rothman, Schekman na Südhof walipata Nobeli 2013 kwa kazi ya usafirishaji huu wa vifuko.