Safari na Wasomaji: Siku Mbili Dar, na Usiku Mmoja wa Dansi

SWALI
Shikamoo dada. Mimi na mume wangu ni walimu hapa Dodoma. Dar tunaijua ya hospitali, ya msiba na ya kufuata bidhaa Kariakoo. Tukimaliza shida yetu tunageuza. Safari hii watoto wanabaki kwa bibi yao, tunataka tuondoke Ijumaa turudi Jumapili, tukatembee tu: tuone mambo ya utamaduni, tule vizuri, na usiku tutoke. Kila tunayemuuliza anatutajia Mlimani City na hoteli za ufukweni. Mwenzangu anapenda dansi la zamani, mimi napenda kula. Tuanzie wapi?
Mwalimu, Nkuhungu, Dodoma

JIBU
Marahaba mdogo wangu. Mpenda dansi na mpenda kula wakija Dar pamoja, kazi yangu inakuwa nyepesi. Nimezaliwa Ilala na nimekulia humo, na ushauri wangu ni mmoja: usiku wa Jumamosi ndio shughuli yenyewe, mengine yote yapangeni kuuzunguka huo. Watu wengi hufanya kinyume. Wanajichosha na jua mchana kutwa, wanazunguka na foleni, halafu saa nne usiku, bendi ndiyo kwanza inafunga nyaya, wao wanapiga miayo.

Njooni na treni ya SGR Ijumaa mchana. Tangu ianze kubeba abiria hadi Dodoma, Julai 2024, safari ni ya kama saa tatu na nusu hadi nne, na mnashuka katikati ya mji mkiwa bado wabichi. Tiketi za Ijumaa kateni mapema, na vitambulisho msisahau.

Malazi tafuteni Upanga, Kisutu au Kariakoo, na hapo nashikilia. Masaki pazuri, sikatai, lakini mkilala Masaki mtakuwa mnalipa teksi kila mnapotaka kula, na jioni ya Ijumaa foleni ya kuelekea huko inakula hamu yote. Mkilala mjini, mambo mengi ninayowatajia ni ya kutembea kwa miguu au bajaji ya dakika chache.

Ijumaa jioni ni zamu yako wewe mpenda kula. Magharibi ikiingia, nendeni Kisutu, kuanzia pale Mtaa wa Libya unapokutana na Barabara ya Morogoro. Majiko ya mkaa yanatolewa nje, meza za plastiki zinapangwa hadi ukingoni mwa barabara, na mtaa wote unanuka kuku. Simameni kwanza jikoni mtazame. Kuku amepasuliwa akalazwa wazi juu ya wavu, ameshalowekwa ndimu, pilipili na viungo. Mchomaji anampaka rojo kwa brashi, anamgeuza, mafuta yanadondokea mkaani na moshi unampanda tena. Muagizeni mkiwa mmesimama hapohapo, mmwambie pilipili kiasi gani na kwamba hamtaki akaushwe. Anakuja na mkate wa naan na chatne ya ukwaju. Hapo hakuna bia, ni mitaa ya Waislamu na Wahindi. Kunyweni juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Kisha mkalale. Kweli, mkalale.

Jumamosi amkeni na jua. Dar ya saa moja asubuhi ina upepo wa bahari, na majengo ya zamani yanaonekana kabla magari hayajayaziba. Anzieni Sokoine Drive, kwenye Boma la Kale, jengo la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene kweli. Sogeeni hadi Kanisa la Azania Front lenye mapaa ya vigae vyekundu, lililojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, halafu Sanamu ya Askari, iliyowekwa pale mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya askari wa Kiafrika na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ninyi ni walimu, haya mnayafundisha darasani. Kuyagusa ni jambo lingine.

Kutoka hapo kuna njia mbili, kuteremka Feri au kwenda Makumbusho ya Taifa. Mimi ningeanza Feri, kwa sababu soko la samaki halimsubiri mtu. Mnada asubuhi unakwenda mbio, na wakaangaji wako upande mmoja na makarai yao. Changu aliyetoka baharini usiku uleule, amekaangwa mbele yako, na ndimu ya kukamulia: kwa mtu wa Dodoma nadhani hilo pekee linatosha kuwa sababu ya safari. Vaeni viatu visivyoogopa maji.

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ipeni saa moja na nusu. Kuna habari za Zinjanthropus, aliyegunduliwa Olduvai mwaka 1959, na kuna magari ya viongozi, likiwemo alilotumia Mwalimu Nyerere. Mkitoka chukueni bajaji hadi kwa wachoraji wa Tingatinga, Oysterbay. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao, akafa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, miaka minne tu baadaye. Wafuasi wake wanachora hadi leo, wamekaa chini, kopo la rangi pembeni. Kaeni nao. Mtu akiwa anachora manyoya ya kanga, nukta moja baada ya nyingine, ndipo unaelewa kwa nini picha ina bei ile. Ukinunua, nunua kwa aliyeichora.

Saa nane mchana mwisho wa matembezi. Rudini mkaoge, mlale hadi jioni. Hii si hiari.

Sasa tuje kwa mwenzako. Mji huu una bendi mbili ambazo kila mpenda dansi lazima ana upande wake. Msondo Ngoma ilizaliwa mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ikapita majina ya JUWATA na OTTU kabla ya kufika hapa. DDC Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza mwaka 1978, na baadaye ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Marehemu Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki Aprili 2014, aliimba kote kuwili, na bado watu wanabishana sauti yake ilitulia zaidi wapi. Mimi ni wa Msondo, lakini mume wako mwache achague mwenyewe. Kumbi wanazopiga hubadilika, kwa hiyo mkishafika waulizeni madereva wa bajaji wa Ilala na Kariakoo. Wanajua nani anapiga wapi wikiendi hiyo.

Msifike kabla ya saa nne. Vaeni vizuri, wapenzi wa dansi huwa wamenyoosha nguo zao. Kaeni karibu na jukwaa lakini pembeni, spika zisiwamalize. Halafu sikilizeni wimbo unavyojengwa. Nusu ya kwanza ni ya kusikiliza: waimbaji wamesimama mstari mmoja, wanasimulia ndoa iliyoingia mdudu au ndugu asiye na shukrani, magitaa yanapishana taratibu, tarumbeta zinajibu. Watu wazima wanacheza wameshikana, hawana haraka. Kisha gita la solo linabadilisha maneno, ngoma inakaza, na kabla hujauliza kuna nini viti vinasukumwa nyuma: chemko limeanza. Hapo hakuna anayebaki ameketi, na anayekaa anatazamwa. Nyimbo zenyewe ni ndefu, kwa hiyo msiogope kuingia mmechelewa.

Chenjini noti ndogo mapema kwa ajili ya kutunza. Mwimbaji akiwagusa, nendeni mbele huku mnacheza, mpeni mkononi au mbandikeni pajini mwa uso, mgeuke mrudi hivyohivyo mkicheza. Wengi wa wanamuziki hawa wametumikia dansi maisha yao yote, na kipato chao si kikubwa. Tuzo lenu linafika mahali panapostahili.

Njaa ya saa nane usiku ina dawa yake: chipsi mayai, au supu ya pweza mkimkuta muuzaji bado hajafunga.

Jumapili isiwe na mambo mengi. Amkeni mnapoamka. Kama miguu ipo, nendeni Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo, mtazame nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa namna ya kwao. Mkikuta siku ya ngoma za asili, mmebahatika. Kama miguu haipo, Coco Beach mkale mihogo ya kukaanga na kachumbari, pilipili ya kutosha, dafu mkononi. Treni ya jioni itawarudisha kabla hamjalala.

SWALI
Mambo dada! Mimi ni msichana wa Mbeya, nakuja Dar wikiendi moja peke yangu. Dansi la wazee halinipi raha, nataka singeli na sanaa za vijana wenzangu. Nikitoka usiku nitakuwa salama?
Msomaji, Mbeya

JIBU
Poa mdogo wangu. Kwa sanaa nenda Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyoanza mwaka 2008. Wasanii wana karakana zao ndani ya makontena, unaingia unazungumza nao, na mara nyingi kuna muziki au maonyesho. Angalia ratiba yao kabla hujakata tiketi ya basi, ili wikiendi yako iangukie kwenye shughuli.

Singeli imetoka uswahilini, Manzese na Tandale, na huko kwenye vigodoro vya mtaani ndiko inakochemka. Ni shughuli za watu, za harusi na za kumtoa mwali, kwa hiyo nenda na mwenyeji wa mtaa huohuo, si rafiki wa mtandaoni ambaye hujawahi kumwona. Ukikosa mwenyeji, sikilizia singeli kwenye tamasha au ukumbi wenye kiingilio. Simu ikae mfukoni ndani, si mkononi barabarani. Rudi kwa gari uliloliita kwenye programu, usafiri wa bodaboda usiku uache, na umtumie dada au rafiki namba ya gari kabla hujapanda. Chumba chukua Sinza au Mwenge, ambako vyakula viko nje hadi usiku sana na Mikocheni ni karibu.