“Mumeo Yuko Wapi?”

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa msichana mwenye umri wa miaka 23. Amejibana miaka miwili akiweka akiba, ana pasipoti mpya isiyogongwa hata muhuri mmoja, na anataka kusafiri kwa nchi kavu, nchi hadi nchi, peke yake. Mwishoni akaandika: “Dada, kila ninayemwambia ananiuliza nikibakwa itakuwaje. Wewe ulijibu nini?”

Mdogo wangu, sikujibu kitu. Niliondoka na swali hilohilo tumboni. Mtu niliyemtegemea kuliko wote aliniambia kwamba nikipatwa na jambo nisirudi kumlilia. Tangu siku hiyo nimevuka mipaka 14 kwa basi, kwa treni, kwa lori na kwa miguu. Naitaja idadi hiyo kwa fahari, lakini kauli ile bado inanichoma.

Nianze na usiku mbaya kuliko yote. Basi lilitakiwa kufika saa tisa alasiri. Likaharibika njiani, tukafika karibu saa sita za usiku. Stendi ilikuwa tupu na simu yangu ilikuwa inakaribia kuzima. Siti ya jirani alikuwa amekaa kijana mpole, tumepiga soga kutwa nzima, na aliponiuliza nitalala wapi nilimtajia jina la gesti bila kufikiri mara mbili.

Mlango wa chumba ulikuwa na kitasa lakini hauna komeo. Saa nane nikasikia chuma kikisugua chuma. Hakuna aliyebisha hodi. Nikamulika kwa mwanga wa simu, nikaona mkono wa kitasa ukishuka polepole, ukisimama, kisha ukirudi juu. Ukashuka tena. Halafu ikaja sauti ya kijana yule, laini kama ya mchana, ikisema anataka tuongee kidogo tu. Nilisukuma kitanda hadi mlangoni, nikakaa juu yake nimeegemeza mgongo kwenye mbao, na sikusinzia mpaka nilipowasikia watu wakifagia nje.

Asubuhi nikamweleza mwenye zamu. Akaniangalia, akasema, “Na wewe ulimwambia unapolala ili iweje?”

Maneno hayo yaliniumiza kuliko kile kitasa, kwa sababu niliyaamini. Kwa muda mrefu nilisimulia mkasa ule nikijilaumu mimi, na yule mwanaume akitajwa kwa kupita tu. Leo nakataa. Kumtajia mtu jina la gesti ni uzembe wa msafiri. Kujaribu kufungua mlango wa mtu usiku wa manane ni kosa la mwenye mkono ulioshika kitasa, na halina mwingine wa kugawana naye.

Tangu hapo nina kabari ya mpira ya kuzuia mlango, ndogo kama kiganja. Ndicho kitu cha kwanza kutoka kwenye begi. Na nina sheria moja ninayoishika kama ibada: nafika mchana. Muulize dereva basi hufika saa ngapi, usimuulize anayekuuzia tiketi. Kisha jumlisha muda wa mpakani, maana kuna foleni ya kugonga muhuri wa kutoka na nyingine ya kuingia, na basi zima litamsubiri abiria wa mwisho. Hesabu ikikuangusha gizani, lala mji wa kabla. Nimewahi kupoteza siku nzima kwa ajili ya sheria hii na sikujuta.

Sasa lile swali la kubakwa. Jibu ambalo wanaokuuliza hawakupi ni hili. Ikitokea, nenda hospitali mapema uwezavyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya siku 5, lakini kila saa inayopita inavipunguzia nguvu. Kabla ya kuingia mji wowote jua hospitali yake kubwa iko upande gani. Kwangu mimi kujua hivyo kulipunguza hofu zaidi ya maonyo yote niliyopewa, kwa sababu maonyo yale yalikuwa na neno moja tu: usiende.

Kuna taabu nyingine hazisimuliwi kabisa. Mkojo, kwa mfano. Wanaume wanashuka, wanageukia kichaka, wanarudi. Mimi nilijinyima maji ili nisimsumbue dereva, nikaishia na maambukizi ya njia ya mkojo, nikasafiri siku mbili na homa nimejikunja kwenye siti. Kunywa maji, mdogo wangu. Mwambie dereva asimame. Wakinuna, wanune.

Kisha swali la kila siku: mumeo yuko wapi? Nilinunua pete ya bati, nikawa nasema ananisubiri kituo kinachofuata. Ida Pfeiffer, mwanamke msafiri wa Vienna, Austria, alipoanza safari zake mwaka 1842, wanawe wakiwa wameshakua, aliwaaga watu kwamba anakwenda tu kumtembelea rafiki Constantinople, Istanbul ya leo, kumbe safari yake ilikuwa ya Nchi Takatifu. Baadaye aliizunguka dunia mara mbili, na bado chama cha jiografia cha London kilimnyima uanachama kwa kuwa ni mwanamke. Kwa hiyo uongo wetu una historia. Utumie ukihitaji, lakini ujue unachosha. Kuna jioni nilimsimulia mgeni mambo ya mume wangu, kazi yake na tabia zake, nikaingia chumbani nikalia. Nilikuwa nimechoka kuwa mwanamke mwenye ruhusa ya mtu ambaye hayupo.

Utauliza, kwa nini basi niliendelea?

Kwa sababu ya mama mmoja ndani ya treni. Ilikuwa siku ya tisa sijalala usingizi wa maana, kila nikisinzia nashtuka kupapasa begi. Hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja. Alinitazama kwa muda, akachukua mkanda wa begi langu, akauzungusha mara mbili kwenye kifundo cha mkono wake, akafunga fundo. Kisha akaweka viganja viwili shavuni, akafumba macho, kunionyesha: lala. Nililala kwa muda wa saa sita. Nilipoamka bado alikuwa macho, na mkanda ulikuwa umemwachia alama nyekundu mkononi. Akaufungua, akanirudishia begi langu, akageukia dirishani.

Hilo msafiri wa kiume halipati. Wanawake hutusogezea nafasi pale wanapokaa wao, hutupitisha mbele ya foleni, hutukabidhi watoto wao tuwashike. Ndiyo maana napanda basi na macho yangu yanatafuta mwanamke aliyekaa peke yake. Namsalimu, naomba kukaa. Fanya hivyo kila mara. Na fika mchana, narudia tena, fika mchana.

Usisubiri woga uishe, wala usimsubiri anayetaka kukuona unashindwa abadilike. Wangu, yule aliyeniambia nisirudi kumlilia, hajabadilika. Nilirudi salama na hajawahi kuniuliza hata swali moja kuhusu nilikopita.

Siku ya kuondoka niandikie saa ambayo basi lako linatakiwa kufika. Nitakaa na simu mkononi mpaka uniambie umefika.