Seli, chembe au chembe hai?

Swali: Ninajifunza biolojia ya mwanzo kwa Kiswahili na nimechanganyikiwa. Kitabu kimoja kinasema mwili umejengwa kwa seli, kingine kinasema chembe hai. Kwenye majibu ya vipimo vya damu naona chembe nyekundu, na nikifungua kemia nakuta hata elektroni inaitwa chembe. Je, seli na chembe ni kitu kimoja? Na seli ina ukuta au utando?

Jibu: Si kitu kimoja, na umefanya vyema kushtuka.

Chembe ni neno la siku nyingi, na kazi yake ni kutaja udogo. Tunasema chembe ya mchanga, chembe ya chumvi, na anayekana kabisa husema hana hata chembe ya shaka. Neno halikuambii kitu ni nini, linakuambia tu kwamba ni kidogo. Ndiyo maana kila fani ililikimbilia ilipokutana na kitu kisichoonekana kwa macho: chembe za damu, chembe za urithi, chembe za atomu. Kila moja ikiwa peke yake inaeleweka. Taabu huanza zinapokutana katika aya moja, na katika biolojia hazina budi kukutana, kwa kuwa somo huanzia kwenye atomu, likapanda hadi molekuli, ndipo likafika kwenye seli.

Chukua damu. Seli nyekundu moja ya binadamu ina upana wa maikromita 7 hadi 8, na ndani yake mna molekuli za himoglobini, protini inayobeba oksijeni, zipatazo milioni 270. Kila molekuli ina atomu 4 za chuma, na oksijeni hujishikiza kwenye chuma hicho. Sasa jaribu kuyasema hayo kwa neno chembe peke yake: chembe moja ina chembe milioni 270, na kila chembe ina chembe 4. Sarufi haina kosa, lakini msomaji hajui tena yuko ngazi ipi.

Ugonjwa wa selimundu unaonyesha vizuri zaidi kwa nini ngazi hizo zitengwe. Kinachotangulia kubadilika si seli bali molekuli. Himoglobini ni minyororo ya asidi amino, yaani vijenzi vya protini. Katika mnyororo wake uitwao beta, asidi amino ya 6, ambayo kwa kawaida ni asidi glutamiki, nafasi yake huchukuliwa na nyingine, valini. Himoglobini ya namna hiyo ikipungukiwa na oksijeni, molekuli zake hushikana zikawa nyuzi, na nyuzi hizo ndizo zinazoipinda seli mpaka ikawa kama mundu. Mwalimu akisema tu kwamba mgonjwa "ana chembe mbovu", sababu na matokeo vimekwishachanganyika.

Kwa hiyo, katika biolojia, kipashio cha uhai kiite seli. Chembe hai halikuwa neno baya, na wazee waliolitumia walikuwa wakitafuta njia ya kueleweka bila kukopa. Lakini hilo "hai" linatia kitanzi. Tabaka la nje kabisa la ngozi yako limefanywa kwa seli zilizokufa, nawe huwezi kuandika "chembe hai zilizokufa" ukabaki na amani.

Hata hivyo, usilifute neno chembe. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zinastahili jina hilo hasa, kwa sababu si seli kamili. Ni vipande vilivyomeguka kutoka kwenye seli kubwa za uboho.

Neno jingine la kuchunga ni kiini. Atomu ina kiini, seli ina kiini, yai lina kiini, kwa hiyo taja daima ni kiini cha nini. Yai la kuku ndilo mtego mkubwa. Katika yai lisilorutubishwa, ile sehemu ya njano tunayoiita kiini cha yai ndiyo seli yenyewe, imejaa akiba ya chakula. Vinasaba vyake viko kwenye doa dogo jeupe lililo juu yake. Anayedhani kiini cha yai ni kiini cha seli amekosea.

Ama ukuta na utando, hapa sina upole. Kila seli ina utando, ngozi laini ya tabaka mbili za fosfolipidi (aina ya mafuta) inayochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Ukuta ni kitu kingine kigumu kilicho nje ya utando. Mimea inao, wa selulosi. Kuvu wanao, wenye kitini. Bakteria walio wengi wanao pia. Wanyama hawana, na binadamu hana. Penisilini huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wao, nayo haizigusi seli zetu kwa njia hiyo kwa kuwa hazina ukuta wa kuvurugwa. Mwanafunzi aliyeandikiwa "ukuta wa seli ya binadamu" amenyimwa ufunguo wa kuelewa dawa hiyo.

Na kwa kuwa wapo wanaoandika "maseli": seli iko katika ngeli ya I-ZI, haichukui ma-. Seli hii inagawanyika, seli hizi zinagawanyika.