Wasomaji wanauliza: Rekodi za ndege kwenye kompyuta

Barua za wafugaji zimekuwa nyingi, na karibu zote zinagusa jambo moja, kuhamisha rekodi kutoka daftarini kwenda kwenye kompyuta. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu humo ndimo wengi wanapokwama.

Habari ya kazi mhariri. Mimi ni mtu mzima, nafuga njiwa miaka mingi, sasa hivi nina jozi 18 na makinda yao. Kila kitu naandika kwenye daftari ila madaftari yamekuwa matatu na moja limelowa, kurasa zimegandana. Mwanangu ananiambia baba tafuta programu ya wafugaji. Je ninunue au Excel inatosha? Na nianzie wapi, maana nikiyaangalia yale madaftari nachoka kabla sijaanza. – Baba wa Njiwa

Shikamoo mzee wangu, na pole sana kwa hilo daftari. Kabla hujagusa kompyuta yoyote chukua simu upige picha kila ukurasa, leo hii, na zile zilizogandana zianike kivulini zibanduke taratibu, maana kilichomo humo hakuna programu itakayokurudishia.

Sasa kuhusu kununua. Kwa jozi 18 Excel inatosha kabisa, au LibreOffice Calc ambayo ni ya bure na kwa kazi hii haina tofauti. Programu za wafugaji zina faida mbili kubwa, zinachora ukoo wa ndege vizazi vinne vitano zenyewe bila wewe kuhangaika, na zinapiga hesabu ya undugu kabla hujaoanisha. Kama unauza ndege na wateja wanataka karatasi ya ukoo, au unachagua rangi, hapo inafaa. Ila kabla hujatoa hela jaribu kitu kimoja, ingiza ndege watano wa majaribio halafu uone kama inakuruhusu kuwatoa wote kwenye faili la CSV, lile ambalo karibu kila programu inalisoma. Kama hairuhusu achana nayo hata kama inapendeza vipi, maana siku ikigoma kufunguka inaondoka na miaka yako yote.

Na sasa tuje kwenye penyewe. Watu wengi wanafungua shiti moja wanaipa kila jozi mstari wake, dume, jike, mayai, makinda, basi. Inaenda vizuri miezi sita, halafu dume anakufa, jike anapewa mwenzake mpya, mstari unafutwa unaandikwa upya na yale makinda ya mwanzo hayana baba tena. Wewe fungua shiti mbili. Ya kwanza ni ya ndege, kila ndege mstari wake mmoja tu maisha yake yote: namba ya pete, jinsia, tarehe aliyoanguliwa, rangi, pete ya baba, pete ya mama, alitoka wapi na aliishia wapi. Ya pili ni ya viota, kila mara jozi inapotaga ni mstari mpya: pete ya dume, pete ya jike, tarehe ya yai la kwanza na la pili, ulichokiona ulipomulika yai kwa tochi, yaliyoanguliwa mangapi, na makinda yalivishwa pete zipi. Kwa njiwa hii ya pili inakurahisishia sana kwa sababu ni mayai mawili tu, la pili linakuja kesho kutwa yake, na ukiweka fomula ya tarehe ya yai la pili jumlisha siku 18 kompyuta inakwambia yenyewe lini uanze kuchungulia.

Pete ndo jina la ndege. Mimi nilipoanza niliandika majina, "yule mweupe", "mweupe wa juu", "mweupe mkubwa", na baada ya misimu miwili nilikuja kugundua nimeoanisha kaka na dada, na sikuwa na njia ya kujua ni vifaranga gani wametokana nao. Niliumia sana. Kwa hiyo namba ni moja kwa ndege mmoja na haitumiki tena hata akifa, na mfu hafutwi kwenye shiti, unamwandikia tu tarehe na sababu. Pete ya kuvisha ya duara isiyofunguka inapita mguuni njiwa akiwa na siku kama saba hivi, ukichelewa vidole vimeshanenepa haiingii, kwa hiyo tarehe hiyo nayo iwekee fomula.

Kingine ambacho wafugaji hawaandiki ni hasara. Wanaandika "hayakuanguliwa" wanaendelea. Hapana mzee wangu, hayo ndo yenye habari nyingi kuliko hata yaliyoanguliwa! Ukimulika yai kwa tochi siku ya saba, lenye uhai utaona mishipa myekundu imetawanyika kama miguu ya buibui na doa jeusi katikati, lisilo na mbegu ni jeupe tupu taa inapita. Sasa weka safu ya sababu yenye maneno machache yasiyobadilika: halina mbegu, limefia ndani, limevunjika, limetelekezwa. Jozi ikitoa meupe mara tatu mfululizo unaanza kumwangalia dume, au kama hawajazoeana. Lakini kama kila mara mishipa ilionekana na yakafia ndani siku za mwisho, hapo unaangalia chakula cha mama, unyevu, au undugu wa karibu. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na neno "hayakuanguliwa" linayachanganya kuwa kitu kimoja, kompyuta nayo itabaki imechanganyikiwa kama wewe.

Usianze na madaftari ya zamani. Anza na ndege walio hai leo, mshike mmoja mmoja mkononi, soma pete, andika. Ukimaliza ingiza wazazi wao, halafu wazazi wa wazazi kadiri daftari linavyoruhusu, na usipojua acha wazi, usikisie. Na bandani usiingie na laptopu, ning'iniza kikadi kwenye kila kiota na penseli yake (kalamu ya wino inafutika na maji), jioni unahamisha. Mimi mpaka leo nafanya hivyo na sioni sababu ya kuacha.

Mhariri msaada tafadhali, nimeingiza pete za kware wangu zaidi ya mia kwenye Excel, leo nafungua nakuta pete 3-12 imekuwa tarehe ya mwezi wa kumi na mbili na pete 0047 imebaki 47. Kompyuta ina virusi? – Mama Kware

Hakuna virusi dada. Excel ikiona 3-12 inadhani unaandika tarehe, ikiona sifuri za mbele inazitupa kwa kuwa kwenye namba hazina maana. Kabla hujaandika chochote chagua safu nzima ya pete uiwekee aina ya maandishi badala ya namba, hapo itaacha kila kitu kama ulivyoandika. Zilizoharibika tayari ukibadilisha aina sasa hazirudi, itabidi uzisome upya mguuni mwa ndege au kwenye kadi. Na usijione mzembe, wanasayansi wa jeni yaliwakuta hayohayo, majina kama MARCH1 na SEPT1 yalikuwa yanageuka tarehe mpaka mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaamua kuyabadilisha. Tarehe zenyewe pia ziandike mwaka kwanza, halafu mwezi, halafu siku, maana 3/4 kwa mwingine ni Aprili na kwa mwingine ni Machi.

Nafuga kasuku wadogo, bajeriga. Programu yangu inanigomea mambo mawili. Nikisajili jike wa kijani kwamba amebeba damu ya lutino, inakataa. Halafu kuna kifaranga jike wa kijani, baba yake lutino mama yake kijani, imemwekea alama nyekundu eti haiwezekani. Wakati ndege yupo namwona kwa macho! Nibadilishe programu? – Mpenda Rangi

Usibadilishe ndugu yangu, hiyo programu inakusaidia kuliko unavyodhani, na swali lako nimelipenda sana.

Kwa ndege, dume ndiye mwenye kromosomu za jinsia (nyuzi zinazobeba jeni) mbili zinazofanana, ZZ, na jike ana Z moja na W moja, ni kinyume cha binadamu. Ile jeni ya lutino, yaani njano ya macho mekundu, inakaa kwenye Z. Dume anaweza kuwa na Z moja ya lutino na nyingine ya kawaida, akaonekana kijani huku amebeba. Jike ana Z moja tu, hana pa kuficha, ama ni lutino unamwona ama hana kabisa. Ndo maana inakataa kumsajili jike kuwa "amebeba", hakuna jike wa namna hiyo.

Sasa huyo kifaranga. Jike anapata Z yake kwa baba tu, kutoka kwa mama anapata W. Baba yake lutino ana Z mbili zote za lutino, kwa hiyo binti zake wote lazima wawe lutino, na watoto wa kiume kwa mama wa kijani wote watakuwa kijani waliobeba. Jike wa kijani hapo hatoki. Kwa hiyo ndege uliyemwona yupo kweli, ila rekodi yake ina kosa mahali, na kazi yako ni kulitafuta. Anza na jinsia, bajeriga mchanga ile ngozi ya juu ya mdomo inadanganya, huenda ni dume na mambo yote yakawa sawa, subiri akue au peleka unyoya maabara wampime. Kama ni jike kweli angalia pete, huenda siku ya kuvisha ulichanganya vifaranga vya viota viwili. Na kama wanafugwa kundi zima kwenye banda moja kuna dume mwingine alipita, tena jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume wa mwanzo siku kadhaa baada ya kubadilishiwa mwenzake, kwa hiyo angalia na tarehe ya kuwaunganisha.

Rekodi safi inaweza kukuonyesha jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Kondori wa California, ndege wakubwa wala mizoga wa Marekani, walibaki 27 tu duniani mwaka 1987, wote wakawekwa kizuizini wazalishwe, na tangu hapo kila ndege ana namba yake kwenye kitabu cha ukoo. Watafiti wa San Diego walipolinganisha vinasaba vya kondori zaidi ya 900 na kitabu hicho wakakuta wawili, mmoja aliyeanguliwa 2001 na mwingine 2009, ambao hawalingani na dume yeyote. Walitokana na mama peke yake, bila baba, na mama zao walikuwa wanakaa na madume wazima kabisa! Walitangaza mwaka 2021. Kama wale watunzaji wangekuwa wanajaza nafasi ya baba kwa kukisia, au hawana namba, hilo lingepita kimya. Kwako sidhani ni hilo, maana wale kondori wote wawili walikuwa madume na wako unasema ni jike, ila alama nyekundu ukiiona ifuatilie.

Kuna jogoo nataka nimwoanishe, programu inasema na kuku mmoja ni 25%, na mwingine 0%. Huyo wa pili nilinunua siku moja na jogoo kwa mtu yuleyule. Nichukue wa sifuri si ndiyo? – Kijana wa Kuku

Subiri kwanza. Hiyo asilimia ni ya vifaranga watakaozaliwa, hesabu aliyoiweka mwanasayansi wa urithi Sewall Wright mwaka 1922, na 25% ina maana kila jeni ya kifaranga ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa na nakala mbili zilezile zilizotoka kwa mzee mmoja. Ndiyo unayopata kwa kaka na dada wa baba na mama mmoja, au mzazi na mtoto wake. Baba mmoja mama tofauti ni 12.5%, watoto wa ndugu ni 6.25%.

Sifuri yako nina wasiwasi nayo. Programu isipojua wazazi inahesabu kwamba ndege hawa hawana undugu wowote, na umenunua wote siku moja banda moja! Mimi ningempigia aliyekuuzia kumuuliza, na kama hakumbuki sajili baba wa kubuni umwite "Hajulikani 1" na mama "Hajulikani 2", wape wote wawili, halafu piga hesabu upya. Utaona namba inaruka. Tafuta kuku kutoka kwingine kabisa.

Laptopu yangu imekufa na rekodi za miaka minne. Kwenye mtandao nilikuwa nahifadhi lakini faili nililokuta huko ni tupu. Imekuwaje? – Niliyekata Tamaa

Pole sana, hilo linauma. Hifadhi nyingi za mtandaoni zinafuata kinachotokea kwenye kompyuta, faili likiharibika huku, na kule nako linaharibika. Ingia sasa hivi kwenye hifadhi yako kupitia kivinjari utafute matoleo ya zamani ya faili hilo, mara nyingi yanawekwa kwa siku kadhaa, usikawie. Pia mpelekee fundi ile diski, laptopu kufa haina maana diski imekufa.

Ukipata, weka nakala tatu, moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi inayochomolewa, moja nje ya nyumba, na kila mwisho wa mwezi toa CSV mpya yenye tarehe kwenye jina bila kufuta ya zamani. Halafu ifungue hiyo nakala, tafuta pete moja uliyosajili wiki iliyopita, kama haimo ujue nakala imesimama uirekebishe siku hiyohiyo.