Biskuti ya miligramu 65

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mtu mzima akivuta bangi kwa starehe, nyumbani kwake, bila kumdhuru mtu, ametenda kosa? Na sheria imwachie?

Nitajibu, ila swali limeulizwa kwa upande wake mwepesi. Mtu na msokoto wake, mlango umefungwa, watoto hawapo: hapo hata wengi wetu tunaosali tutakubali kwamba polisi wana kazi kubwa zaidi za kufanya. Sheria ya Kenya ya 1994 iliandika kifungo cha miaka 10 kwa mtu anayeiridhisha mahakama kwamba bangi aliyokutwa nayo ilikuwa ya kutumia mwenyewe tu. Miaka 10! Hilo silitetei. Lakini nyuma ya mvutaji kuna muuzaji, na kwangu mimi maadili ya bangi yanaanzia kwake: ameuza nini, chenye nguvu kiasi gani, kwa nani, na mnunuzi akizidiwa nani anajibu? Kwa upande huo msimamo wangu ni hapana, isihalalishwe, na hoja yangu ni biskuti moja iliyouzwa Denver, Marekani, Machi 2014.

Wananchi wa jimbo la Colorado walipiga kura Novemba 2012 kuruhusu bangi ya starehe kwa wenye umri wa miaka 21 na zaidi. Maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Haikutimia miezi mitatu, vijana fulani wakafika Denver, na mmoja wao mwenye miaka 23 akanunua biskuti ya bangi dukani, kihalali kabisa. Aliyeila alikuwa mwenzake wa miaka 19.

Biskuti hiyo ilikuwa na miligramu 65 za THC, ile kemikali inayolevya, na ilihesabiwa kuwa ni sehemu sita za kuliwa. Yaani kipande kimoja katika sita, takriban miligramu 10, ndiyo dozi ya mtu mmoja. Muuzaji aliwaeleza. Kijana akala kipande kimoja kama alivyoelekezwa. Ikapita kati ya nusu saa na saa nzima, hakusikia kitu. Akamalizia yote iliyobaki.

Hapa lazima tusimame, kwa sababu wengi wanaodai "bangi ni bangi tu" hawajui kinachotokea baada ya hapo. Ukivuta, moshi unaingia mapafuni na THC inafika kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Mvutaji anasikia stimu, anajipima, anauzima msokoto. Tumboni mambo ni tofauti. THC inayeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Inasubiri chakula kisagwe, inapita utumbo, na inapelekwa kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Ini linageuza sehemu yake kuwa haidroksi-THC, ambayo inapenya ubongo kirahisi na inalevya kwa nguvu. Yote hayo yanachukua nusu saa hadi saa mbili, kutegemea mtu ameshiba au ana njaa. Kilele kinakuja kati ya saa ya pili na ya nne, na ulevi unaweza kukaa saa sita, nane, hata zaidi. Kwa hiyo mtu akisema "sijasikia kitu" baada ya nusu saa, si kwamba amepata dozi ndogo. Dozi bado haijafika. Kijana yule alikuwa na ya kwanza mwilini inayopanda polepole, akaiongezea nyingine tano kwa mkupuo.

Katika saa mbili zilizofuata akaanza kusema maneno yasiyoshikana na kuwa mkali kwa wenzake. Saa mbili na nusu tangu amalizie biskuti, aliruka kutoka roshani ya ghorofa ya nne. Akafa kwa majeraha. Hakuwa na historia inayojulikana ya pombe, dawa za kulevya wala ugonjwa wa akili. Uchunguzi wa maiti ulitaja ulevi wa bangi kuwa jambo lililochangia kifo. Damu yake ilisoma nanogramu 7.2 za THC kwa mililita. Kumbuka namba hiyo, nitaihitaji baadaye.

Kinachonisumbua ni kwamba ukikifuata kisa hiki hatua kwa hatua, ni vigumu kumkamata mtu. Duka lilikuwa na leseni. Mnunuzi alikuwa na umri. Muuzaji alitoa maelekezo, na kijana aliyafuata mwanzoni. Kosa la wazi la kisheria ni moja tu, mwenye miaka 23 kumpa mwenye miaka 19, na tuseme kweli, hilo linatokea kila mahali penye vijana. Lililobaki ni umbo la bidhaa yenyewe. Waliichukua dozi ya watu sita wakaitengeneza kuwa kitu ambacho mtu mmoja anakimaliza kwa chai. Nani amewahi kula sehemu ya sita ya biskuti akairudisha kwenye karatasi? Aliyeitengeneza alijua watu wanavyokula biskuti. Maelekezo yalikuwa sahihi, lakini bidhaa yenyewe ilimvuta mlaji aende kinyume chake.

Sisi somo hilo tulilipata kwa viroba. Pombe kali ilikuwepo na ingali ipo, ila ile ya pakiti ndogo za plastiki, bei ya mfukoni mwa mwanafunzi, rahisi kuficha kwenye soksi, ndiyo iliyofanya serikali ya Tanzania ipige marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017. Kilevi kilikuwa kilekile. Tatizo lilikuwa kifungashio na kipimo.

Nilikusudia hoja iishie hapo: Marekani yenye maabara na wakaguzi imeshindwa, sisi tutaweza wapi? Lakini kisa cha Denver kina nusu ya pili, na si haki kuikata. Baada ya kifo, biskuti za toleo lilelile, yaani zilizotengenezwa pamoja na ile, zilizokuwa dukani zilizuiwa zisiuzwe, zikapelekwa kupimwa. Zilikutwa ndani ya kiwango kilichoruhusiwa. Maana yake wachunguzi waliweza kusema kwa uhakika kwamba tatizo si sumu, si mchanganyiko mbaya, ni wingi wa dozi kwenye kipande kimoja. Wakajua pa kurekebisha. Kuanzia Februari 2015, bangi ya kula Colorado ilipaswa kufungwa au kugawanywa kwa vipande visivyozidi miligramu 10, mlaji avione na avitenganishe kwa mkono. Oktoba 2016 ikaja alama ya THC inayogongwa kwenye chakula chenyewe, siyo kwenye boksi tu, kwa sababu boksi hutupwa na kilichobaki mezani kinafanana na pipi ya mtoto. Oktoba 2017 wakakataza maumbo ya wanyama, watu na matunda. Canada walipoanza kuruhusu bangi ya kula Oktoba 2019 waliibana zaidi: pakiti nzima isizidi miligramu 10. Ukimaliza pakiti yote, umekula dozi moja.

Hayo yote yaliwezekana kwa sababu biskuti ile ilikuwa na mwenyewe: duka linajulikana, mtengenezaji anajulikana, toleo linafuatilika.

Sasa tazama ya kwetu. Biskuti na keki za bangi zimeshakamatwa Dar es Salaam na Nairobi. Fanya hesabu. Gramu moja ya bangi yenye asilimia 4 ya THC ina miligramu 40. Yenye asilimia 15 ina miligramu 150. Kwa macho majani yanafanana, na mwokaji wa uchochoroni hana namna ya kujua ameshika ipi. Gramu ileile ikigawanywa kwenye biskuti kumi, kila moja itakuwa na miligramu 4 au 15, na hapo tumedhani imegawanyika sawasawa. Haigawanyiki. THC inafuata mafuta, na siagi isipochanganyika vizuri kona moja ya sinia inapata nyingi kuliko kona nyingine. Wawili wanakula keki moja, mmoja anacheka jioni nzima, mwenzake anatapika, moyo unamwenda mbio na anaamini anakufa. Wenzake wanaogopa kumpeleka hospitali kwa sababu kusema alichokula ni kujikamatisha.

Naomba niliseme hili kwa yeyote mwenye kijana nyumbani. Aliyezidiwa na bangi ya kula asiachwe peke yake. Mweke chini, mbali na ghorofa, maji marefu na funguo za pikipiki. Asipewe pombe wala kidonge cha kumtuliza kilichookotwa kabatini. Mwambie kwamba itapita, na itachukua saa kadhaa. Akiwa na maumivu ya kifua, akipoteza fahamu au akitaka kujidhuru, hospitali mara moja. Mtoto mdogo aliyeokota na kula haisubiriwi hata dakika, kwa sababu watoto wanaweza kulala usingizi mzito hadi pumzi ikapungua. Na daktari aambiwe ukweli wote. Anahitaji kujua alichokula, kiasi gani na saa ngapi.

Kwa hiyo biskuti niliyoileta kupinga uhalalishaji imenigeukia nusu. Ile ya Denver iliua ikaacha kumbukumbu, na kumbukumbu zikabadilisha kanuni. Za kwetu zinadhuru watu na hakuna anayejifunza kitu, kwa kuwa hazina jina wala kipimo. Leo bangi ikifika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa ajili ya ushahidi, mahakama inataka majibu mawili: ni bangi kweli, na uzito wake kiasi gani? Nguvu yake haimhusu mtu, kwa sababu mbele ya sheria yenye nguvu na dhaifu ni kosa moja.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba karatasi inatosha. Kenya waliruhusu chang'aa, pombe kali ya kienyeji, kwa sheria ya 2010, iuzwe kwenye chupa ya kioo, yenye lebo na onyo. Mei 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe yenye methanoli, spiriti ambayo ni sumu. Sheria ilikuwepo, mkaguzi hakuwepo pale kinywaji kilipokuwa. Na huko Marekani kwenyewe, watafiti walipima bidhaa 75 za bangi ya kula zilizonunuliwa San Francisco, Los Angeles na Seattle, wakachapisha matokeo mwaka 2015: ni asilimia 17 tu zilizokuwa na THC inayolingana na lebo. Asilimia 60 zilikuwa na pungufu. Asilimia 23 zilikuwa na zaidi ya ilivyoandikwa, na hizo ndizo zinazotisha. Tatizo jingine ni kwamba maabara inalipwa na mtengenezaji, naye anahamia ile inayompa namba tamu. Maabara ikilipwa na anayepimwa, lebo ni pambo.

Basi uamuzi wangu, nikiwa nimeanza na hapana, ni ndiyo yenye hatua. Ya kwanza ni ile ya Afrika Kusini: Mahakama ya Katiba, tarehe 18 Septemba 2018, iliruhusu mtu mzima kutumia na kuotesha bangi kwake faraghani, ikaacha biashara kuwa kosa. Hilo lingeweza kufanyika kwetu bila kujenga maabara hata moja, na lingepunguza misururu ya vijana wa msokoto mmoja mahakamani huku wenye magunia wakiendelea na safari. Hatua ya pili, miaka kadhaa baadaye na kwa masharti, ni mfano wa Uruguay: tangu Julai 2017 bangi inauzwa kwenye maduka ya dawa, pakiti ya gramu 5, mnunuzi amejisajili na anatambuliwa kwa alama ya kidole, asizidi gramu 10 kwa wiki. Majani tu. Pipi, keki na biskuti ningeziweka nje kabisa, hadi awepo mpimaji anayelipwa na serikali, na hata hapo kwa kipimo cha Canada. Umri uwe 21, maana ubongo wa kijana bado unakua, na mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili angeambiwa na mwuza dawa, uso kwa uso, kwamba hatari kwake ni kubwa zaidi.

Limebaki moja ambalo sina njia ya kulipita, nalo ni barabara. Pombe inapimwa kwa pumzi. Dereva anapuliza, namba inatoka, na inaendana kwa kiasi kikubwa na ulevi alionao muda ule. THC haina kipimo cha namna hiyo. Colorado wameweka nanogramu 5 kwa mililita ya damu kuwa kiwango ambacho mahakama inaweza kudhani dereva amelewa. Ile namba ya kijana wa Denver, 7.2, imezidi kidogo tu, na mmeona hali aliyokuwa nayo. Mvutaji wa kila siku anaweza kusoma hiyohiyo saa nyingi baada ya kuvuta, akiwa timamu. Mkojo ndio haufai kabisa, unaonyesha mabaki ya siku au wiki zilizopita. Wanaoitaka bangi dukani watueleze trafiki wa Chalinze atamtambuaje dereva wa basi aliyevuta Jumamosi nyumbani na aliyevuta kituo kilichopita. Mpaka watueleze, kwa dereva wa abiria, wa boda na wa lori ningeandika marufuku kamili, hata siku ya mapumziko, nikijua kabisa kwamba namwonea yule wa Jumamosi.