Nani atajwe kwanza? Kwa mnaoandaa hafla Pemba

Kila Januari 12, siku ya Mapinduzi, inapokaribia, wakati kila wilaya ina kitu cha kufungua au cha kuwekewa jiwe la msingi, simu yangu haipumziki. Anayepiga ni mwalimu mkuu wa skuli fulani, au katibu wa kamati ya maji, au kijana aliyekabidhiwa kipaza sauti kwa sababu tu ana sauti nzuri. Suali ni lile lile: "Maalim, nimtaje nani mwanzo?" Mimi si mtu wa itifaki wa serikali. Ni mshereheshaji wa hapa Chake Chake, nimezeeka nikisimama pembeni ya jukwaa na karatasi mkononi, na nayasema haya kwa wanaosimama hapo hapo.

Anzeni kwa kuacha kukariri majina. Uteuzi hutangazwa usiku, na asubuhi mtu uliyemkariri hana tena ile ofisi. Andika ngazi za ofisi kwanza, halafu ujaze jina la aliyepo siku hiyo, na jina ulithibitishe kwa ofisi yake mwenyewe. Karatasi yangu ina safu mbili: kushoto cheo kwa wino, kulia jina kwa penseli.

Ngazi za juu kabisa ndizo zinazowatisha watu, na ndizo rahisi. Katika hafla ya Serikali ya Mapinduzi anatangulia Rais wa Zanzibar na Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi. Litajwe lote, usilikate katikati. Wanafuata Makamu wa Kwanza wa Rais, Makamu wa Pili wa Rais, kisha wakuu wa mihimili mingine, yaani Spika wa Baraza la Wawakilishi na Jaji Mkuu, ndipo mawaziri. Makamu hawa wawili tumewapata kwa Mabadiliko ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar mwaka 2010, baada ya kura ya maoni ya Julai 31. Kabla ya hapo, tangu 1983, tulikuwa na Waziri Kiongozi. Wa Kwanza hutoka katika chama kilichoshika nafasi ya pili kwenye uchaguzi wa Rais. Wa Pili hutoka chama cha Rais, na ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali barazani. Kuna wanaouliza vipi mwenye kazi nyingi za kila siku atajwe baada ya mwenzake. Itifaki haihesabu mafaili yaliyo mezani kwa mtu. Kilichowachanganya wengi ni kwamba kuanzia 2016 hadi 2020 kiti cha Makamu wa Kwanza kilikuwa wazi, na wasoma orodha wakazoea kutoka kwa Rais moja kwa moja hadi kwa Makamu wa Pili. Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa mwanzo, aliporudi katika nafasi ile Desemba 2020, ndimi zilihitaji muda kuzoea tena.

Jengine la kuchunga ni neno "Makamu wa Rais" likiwa peke yake. Huyo ni wa Jamhuri ya Muungano. Wa kwetu lazima useme wa Kwanza au wa Pili. Na usishangae mzee akikwambia Makamu wa Rais ni Rais wa Zanzibar. Ndivyo alivyoishi nayo, mpaka Mabadiliko ya 11 ya Katiba ya Muungano ya mwaka 1994 yalipoutenganisha umakamu na urais wa Zanzibar. Akiwepo Rais wa Jamhuri ya Muungano, orodha huanza na yeye, kisha Makamu wake, Rais wa Zanzibar, Waziri Mkuu. Lakini hafla ya namna hiyo hutoipanga wewe. Watakuja watu wa itifaki kabla ya siku yenyewe, wapime jukwaa, wakwambie usimame wapi, na kazi yako itakuwa kusema "sawa".

Balaa liko katikati, kwa watu wanaojuana, wanaosali msikiti mmoja na kununua samaki soko moja.

Tuchukue jimbo. Zanzibar ina majimbo 50, na kila moja lina watu wawili waliochaguliwa na wapiga kura wale wale: Mbunge anayekwenda Dodoma na Mwakilishi anayeingia barazani Chukwani. Wote ni waheshimiwa, wote wamechangia mabati ya lile jengo, na wote watakuja. Katiba haikukuandikia nani umtaje kwanza kwenye ufunguzi wa madarasa ya skuli yenu. Mimi huangalia jambo lenyewe ni la nani. Skuli za msingi na sekondari, afya, maji na kilimo si mambo ya Muungano. Hayo yanazungumzwa Chukwani, kwa hiyo humtanguliza Mwakilishi. Ikiwa ni kituo cha polisi au jambo la uhamiaji, humtanguliza Mbunge. Si sheria, lakini akitokea mtu kuuliza, nina jawabu isiyomdhalilisha yeyote, na hiyo ndiyo unayoitafuta. Usiwapange kwa umri, wala kwa nani alitoa fedha nyingi, wala kwa nani ni shemeji yako. Diwani wa wadi anakuja baada yao, na tafadhali asisahauliwe, maana yeye ndiye aliyekutafutia viti.

Halafu kuna Ofisa Mdhamini. Washereheshaji wanaoletwa kutoka Unguja humkosea sana, kwa sababu cheo chake ni cha Pemba tu. Wizara za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar zina Mdhamini hapa, na kwa shughuli za wizara yake kisiwani yeye ndiye mkubwa, mpaka avuke Waziri, Naibu Waziri au Katibu Mkuu. Nimeona Mdhamini akiwekwa safu ya tatu, nyuma ya wakurugenzi waliotoka Unguja na boti ya asubuhi, kwenye hafla ambayo ofisi yake ndiyo iliyoiandaa. Hakusema kitu. Aliaga mapema tu, na gari la kuwarudisha wageni bandarini likaondoka naye.

Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa hawana utata mkubwa, mradi ukumbuke kwamba Mkuu wa Mkoa ndiye anayeiwakilisha Serikali nzima katika mkoa wake. Wilayani Micheweni au Wete huyo ni wa Kaskazini Pemba. Chake Chake au Mkoani ni wa Kusini. Ukifanya hafla karibu na mpaka wa mikoa miwili, mwenyeji ni yule ambaye ardhi ni yake. Mwenzake akija ni mgeni wa heshima, hatoi hotuba ya kukaribisha.

Sasa utaratibu wa kuzungumza, ambao ukiushika umemaliza nusu ya kazi. Majina hutajwa kwa kushuka: unaanza na mgeni rasmi, unateremka mpaka kwa Sheha, yaani kiongozi wa shehia, kisha wazee na wananchi. Vipaza sauti hutolewa kwa kupanda: Sheha anasalimia na kumkaribisha Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Wilaya anamkaribisha Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Mkoa anamkaribisha Waziri, Waziri anamkaribisha mgeni rasmi ikiwa ni mkubwa kuliko yeye. Risala ya wananchi au ya wanafunzi isomwe kabla mgeni rasmi hajasimama, la sivyo atajibu nini? Baada ya mgeni rasmi kuzungumza hazungumzi mtu mwengine isipokuwa mtoa shukurani, na shukurani ni dakika mbili. Kuna watu wakipewa shukurani huhutubia upya.

Ngazi hii huvunjika pale mgeni rasmi asipokuja. Umemwalika Waziri, bahari imechafuka au ameitwa kikaoni, naye amemtuma Mdhamini asome hotuba yake. Mkuu wa Mkoa yupo tayari ukumbini. Ukiifuata ratiba kama ilivyoandikwa, Mkuu wa Mkoa atasimama kumkaribisha mtu aliye chini yake. Niliwahi kuona kimya kilichoingia ukumbini kwa jambo hilo, na Mdhamini mwenyewe akiwa haamini macho yake. Dawa ni simu. Ukipata taarifa tu kwamba mgeni amebadilika, piga ofisi ya Mkuu wa Mkoa kabla hajatoka. Mara nyingi atakubali kuwa mgeni rasmi yeye, na Mdhamini akatoa salamu za wizara. Kama wizara inasisitiza hotuba ya Waziri isomwe na mtu wao, basi Mkuu wa Mkoa atoe salamu zake mapema, na wewe mshereheshaji ndiye umkaribishe Mdhamini "kwa niaba ya Mheshimiwa Waziri". Hapo anayekaribishwa ni Waziri, na kila mtu amebaki na nafasi yake.

Viti navyo. Mgeni rasmi anakaa katikati, anayemfuata kwa cheo kuliani kwake, wa tatu kushotoni kwake, na hivyo hivyo kwenda pembeni. Vijana wanaobandika vibandiko vya majina husimama mbele ya meza wakiitazama, wanahesabu kulia kwao, na meza nzima inageuka. Waambie wazunguke, wakae kwenye kile kiti cha katikati wenyewe, waone mkono wa kulia uko upande gani, ndipo wabandike. Wanacheka, lakini hawakosei. Achia kiti kimoja pembeni bila ya kibandiko, na kingine safu ya mbele. Atakuja mtu ambaye hukumwalika.

Na atakuja kweli: kiongozi mstaafu aliyekuwa kijijini kwao kwa mapumziko, au Naibu Waziri aliyekuwa anapita. Akiwa mkubwa kuliko mgeni rasmi, usivuruge hafla kwa kumbadilisha mgeni. Mpe kiti cha heshima karibu na katikati, mtaje mara baada ya mgeni rasmi, na umuulize kwa sauti ya chini kama angependa kusalimia. Wastaafu wengi waungwana watakataa. Wasiokataa, mpe nafasi kabla ya Mkuu wa Mkoa na umuonyeshe saa.

Viongozi wa vyama ni eneo la kwenda taratibu, na kwetu Pemba mnajua kwa nini. Katika hafla ya serikali mimi huwataja kwa pamoja, "viongozi wa vyama vya siasa mliopo", baada ya watendaji wa serikali, bila ya kumtaja mmoja kwa jina na kumwacha mwengine. Ukimtaja mmoja kwa jina, watajie wote, na uwe umehakikisha kwamba wote wapo.

Kuhusu "itifaki imezingatiwa": kauli hii ni ya anayezungumza wa pili au wa tatu, baada ya orodha kusomwa kamili mara moja. Mshereheshaji anayefungua hafla kwa kusema itifaki imezingatiwa, imezingatiwa na nani, wakati yeye ndiye wa kuizingatia? Soma orodha yako mara moja, yote, kwa utulivu, halafu wabakishie wenzako hiyo njia ya mkato. Wala usigawe "Mheshimiwa" kama njugu. Katibu Mkuu na Mkurugenzi ni "Ndugu", Sheha ni "Sheha", na sheikh anayefungua kwa Qur'an na dua ni "Sheikh" tu, na inamtosha.

Maulid ni mlango mwengine kabisa. Pale wenye majlisi ni masheikh na wasomaji, na Mkuu wa Mkoa akija huvua viatu kama watu wote na kukaa alipooneshwa. Mtaje, mkaribishe, lakini usisimamishe qasida kwa sababu msafara umefika. Viongozi wetu wengi wanalijua hili. Wasiolijua ni wapambe.

La mwisho ni la siku moja kabla. Chukua orodha yako, nenda nayo ofisi ya Mkuu wa Wilaya, uisome mbele ya ofisa wa pale, naye akurekebishe kwa penseli. Halafu toa nakala tatu: moja yako, moja ya anayepanga viti, moja ya Sheha. Hafla ikiisha usizichane, maana mwezi ujao kuna mahafali, na ngazi ni zile zile.